Bawabu Asiyeitikia Salamu

"Mtu mrefu wa mguu mmoja. Anakula jua, anakunywa upepo, na maneno yote anayosema si yake. Nani huyo?"

Fundi Mndeme alimtegea mgeni hata kabla mgeni hajamaliza kukung'uta mwavuli wake. Mgeni mwenyewe, Bwana Lwitiko kutoka Mfuko wa Maafa, akasimama mlangoni pa chumba cha redio kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Mwanasiasa," akasema.

Mndeme akacheka mpaka akashika meza. "Mwanasiasa hali jua, mzee. Anakula kivulini. Nipe mji."

"Haya, chukua Mbeya."

"Nimekwenda Mbeya, nimekula maparachichi yenu yote, nimerudi na mbegu tu. Ni mnara, huo hapo dirishani."

"Mwache mgeni apumue, we Mpare," akasema Zahabu Shekiango bila kuinua macho kwenye ubao wa taa. "Ukishamnyang'anya Mbeya utataka na koti lake. Karibu kiti, Bwana Lwitiko. Chai ipo, ila sukari imepata maji."

Zahabu ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba hicho cha Kwemtindi, na ubao uliokuwa mbele yake ulikuwa na taa moja kwa kila mnara uliosimama juu ya milima ile. Kampuni za simu zilikuwa zimeshaihama milima zamani. Mvua zilipobadilika na kuanza kushusha vilima pamoja na nguzo zake, waliona wateja ni wachache na matengenezo ni mengi, wakafungasha. Kilichobaki kilikuwa redio ya uokoaji. Kila nyumba ilipewa kidani, kidude cha ukubwa wa kokwa la embe chenye uzi wa kuvaa shingoni. Unabonyeza, unasema, mnara wa jirani unadaka sauti yako, unaurushia mnara mwenzake, mpaka inafika Kwemtindi. Hapo Zahabu anatuma watu wa kamba, au wa machela, au wa majembe.

Shida ilikuwa njia. Njia ya hewani ilikuwa nyembamba. Watu sita tu ndio walioweza kusema kwa wakati mmoja katika milima yote, na wa saba alingoja.

"Nionyeshe Bawabu wenu anavyofanya kazi," akasema Bwana Lwitiko huku akipuliza chai.

Hakungoja sana. Taa ya Shashui ikawaka, na sauti ya mwanamume ikapasuka kwenye kipaza: "Moto! Ghala la mkaa linawaka, watu wamo ndani!" Kabla hajavuta pumzi ya pili taa imegeuka kijani, njia imefunguka, na Zahabu yuko kazini. Alipomaliza kuwatuma watu, ikawaka taa nyingine. "Haloo? Haloo, mama Tunu yupo hapo? Mwambieni kile kitenge..." Sauti ya mashine ikamkata, tulivu kama maji ya mtungini: "Njia hii ni ya dharura. Asante." Taa ikawa ya njano.

"Na kidani chake?" akauliza mgeni.

"Kimefungwa kwa muda. Akirudia, kinafungwa muda mrefu zaidi, hadi apoe."

Bwana Lwitiko akatikisa kichwa kwa kuridhika. Bawabu alikuwa mashine iliyokaa mlangoni pa njia zile sita. Alipima sauti ya mtu kwa muda wa kumeza mafundo mawili ya maji. Alisikiliza maneno, alisikiliza pumzi, alisikiliza kama koo limekaza, kisha akaamua nani aingie na nani arudi kwao. Hakuchoka wala hakupendelea ndugu.

Aliyeomba Bawabu aletwe ni Zahabu mwenyewe. Kabla ya Bawabu, watu waliigeuza redio kibaraza. Msimu mmoja kulikuwa na harusi huko mabondeni, na njia zote sita zikajaa vigelegele na maagizo ya mchele. Siku hiyo Bi Nasiria, mkunga wa Mbughui, alibonyeza kidani chake tangu adhuhuri mpaka jua likazama, hakupata pa kupenya. Mama na kichanga wakazikwa kaburi moja. Zahabu alipojua, alikwenda mjini kwa basi, akakaa kwenye benchi la Mfuko mpaka wakamsikiliza. Wakampa Bawabu na betri za minara. Kwa masharti, bila shaka. Bawabu apigwe lakiri, asiguswe ndani bila ruhusa ya Mfuko. Na siku mlango ule utakapomkatalia mtu kwa makosa akafa, malipo yasimame hadi kikao kikae, na kikao hukaa baada ya masika.

Leo mkataba ulikuwa unaanza upya. Ndiyo maana Bwana Lwitiko alipanda mlima. Betri mpya za minara ya kaskazini zilikuwa kwenye lori lililoegeshwa chini Mombo, likingoja neno lake. Za zamani zilikuwa zinazeeka vibaya. Mndeme aliwahi kusema betri hizo zinashika chaji kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake.

"Nisaini hapa?" akauliza Zahabu.

"Hapo, na hapo. Halafu napiga—"

"Hebu subiri."

Taa ya Kwembago ilikuwa imewaka njano, ikazimika. Zahabu alikumbuka ilikuwa imefanya hivyohivyo kabla chai haijamiminwa. Akabofya atazame. Kidani kilekile, cha nyumba ya Mzee Shehoza. Kimefungwa mara ya pili.

"Watu wa Kwembago," akasema Mndeme. "Hao hata mwizi akiingia wanamwuliza ameamkaje."

Bawabu alihifadhi sauti za aliowakataa hadi jioni. Zahabu akaifungua ya kwanza. Ikatoka sauti ya mama mtu mzima, ya polepole, nyuma yake mvua.

"Hodi? ... Hodi huko. Hamjambo? ... Hamjambo, wanangu? Habari za mvua huko kwenu?..."

Njia hii ni ya dharura. Asante.

Akaifungua ya pili. "Hodi tena. Samahani kwa usumbufu. Mko wazima? ... Mmeamka salama?..."

Njia hii ni ya dharura. Asante.

"Salamu hizo," akasema Bwana Lwitiko. "Bawabu kafanya kazi yake."

Zahabu alikuwa ameshazungusha ufunguo wa mkuu wa chumba, ule unaofungua kidani kilichofungwa, ambao mwaka mzima aliutumia mara chache sana. "Hodi, Kwembago. Mama, hamjambo? Hapa ni Kwemtindi."

"Aa! Hatujambo, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Zahabu, binti Shekiango."

"Wazima nyumbani kwenu?"

"Wazima, mama. Huko je?"

"Huku kwema kabisa. Ila mlima umeingia jikoni, na mzee yumo jikoni."

Mndeme ndiye aliyesogea kwanza. Alivuta kipaza kingine akamwita Singano, kiongozi wa kikosi cha Kwembago, akamwambia achukue majembe akimbie kwa Mzee Shehoza. Zahabu alibaki na mama. Mama Hoza, ndivyo alivyojitaja. Alisema udongo ulishuka asubuhi wakati mzee anachochea kuni, umefunika mlango wa jiko na dirisha lake dogo, na yeye anachimba kwa mikono ila udongo unarudi.

"Anakusikia, mama? Anaongea?"

"Nilipowaita mara ya kwanza alikuwa anaongea. Akaniambia nisiache maharage yaungue, yako kwenye jiko la uani. Mara ya pili alikuwa anakohoa." Ukasikika udongo ukiporomoka. "Sasa hasemi."

Kikosi kilifika upesi, kwa kuwa Singano alikuwa jirani wa kilima kilekile. Angeweza kufika upesi hivyohivyo mara ya kwanza. Walichimba. Zahabu alisikia majembe kupitia kidani cha Singano, kisha akasikia majembe yakiacha.

"Tumempata, dada," akasema Singano. Pumzi zilimjaa. "Amekwenda. Mwili bado una joto."

*

Bwana Lwitiko alivua miwani akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena. Hakuwa mtu mbaya. Chai yake ilikuwa imepoa na hakuigusa.

"Dada Zahabu," akasema, "nisikilize kabla hujasema lolote. Kwa kanuni zetu, mwito uliokataliwa si mwito. Taarifa inaanza pale ulipofungua wewe. Ulifungua, ukatuma watu, wakafika, wakamkuta marehemu. Kila neno hapo ni kweli. Hutakuwa umesema uongo."

"Na Bawabu?" akauliza Mndeme.

"Bawabu anabaki alivyo. Hakukosea popote panapoandikwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kumvunja lakiri."

"Akija mwingine kama huyu mama?"

"Wapitieni tena vijijini. Wafundisheni waseme shida kwanza."

"Tulishawafundisha," akasema Zahabu. "Mara mbili. Na vipaza sauti." Akageukia dirisha. "Nikiuandika ule mwito wa kwanza?"

"Unajua jibu. Malipo yanasimama, lori linageuza. Minara ya kaskazini haitavuka masika. Mbughui, Makanya ya juu, kote huko." Aliposema Mbughui alishusha sauti, maana habari ya Bi Nasiria ilikuwa kwenye barua aliyoipeleka Zahabu mjini kumwomba Bawabu. "Nina siku ya leo na kesho. Kesho kutwa lazima lori liamuliwe."

Zahabu akachukua kitenge chake kwenye msumari. "Nakwenda kuzika kwanza," akasema.

*

Kwembago walizika kesho yake, mvua ikiwa imetoa nafasi. Zahabu na Mndeme walipanda kwa pikipiki hadi inapokomea njia, kisha kwa miguu. Jiko la Mzee Shehoza lilikuwa limebaki ukuta mmoja, na kwenye ukuta ule chungio la chai lilikuwa bado linaning'inia mahali pake.

Wanawake walikaa mkekani. Zahabu akaingia, akatoa pole, akashika mikono ya kila mtu kama inavyotakiwa, akakaa miguuni pa Mama Hoza. Alikuwa mwanamke mwembamba, kucha zake bado na udongo.

"Wewe ndiye Zahabu."

"Ndiye, mama."

"Sauti yako na sura yako ni mbalimbali. Nilidhani wewe ni mnene."

Mtu akacheka nyuma, akajizuia. Zahabu alikuwa amepanga maneno yake njia nzima, na sasa yalimtoka bila mpango.

"Mama, uliita mapema. Alikuwa hai ulipoita. Kuna mashine mlangoni, inasikiliza watu, inachagua. Ikakukatalia. Ungepokelewa mara ile ya kwanza, Singano angemkuta anaongea. Na mashine ile, mama, niliiomba mimi."

Jirani mmoja, mwanamke wa maneno makali, akamgeukia mfiwa. "Lakini si walipita hapa wakatuambia? Tuseme shida kwanza! Mama Hoza, hukusikia?"

"Nilisikia," akasema Mama Hoza. "Lakini nimpigie mtu kelele bila kumjulia hali? Mvua ilikuwa moja, ya kwao na ya kwangu. Je kama na kwao kumeanguka? Kama na yeye ana maiti ndani? Nikisikia kwake ni kubaya kuliko kwangu, nitamwacha ahangaike na lake, mimi nimfuate Singano kwa miguu. Nilikuwa nauliza kama wana nafasi ya kunisaidia. Basi. Nikangoja waitikie." Akamtazama Zahabu usoni. "Hamkuitikia. Mtu asipoitikia unabisha tena. Nikabisha tena."

"Bawabu alikujibu, mama. Alisema..."

"Aliniambia njia ni ya dharura. Hiyo ni amri, mwanangu. Mimi nilisema hamjambo. Mngesema hatujambo, neno moja tu, ningesema langu."

Zahabu akainamisha kichwa. Mama Hoza akavuta ncha ya kanga, akajipangusa pua.

"Na maharage yaliungua," akasema. "Ndicho alichoniagiza yeye."

Walishuka mlima hadi kwenye daraja la magogo. Hapo Mndeme, aliyekuwa mbele, akasema bila kugeuka, na safari hii bila mzaha, "Ana masikio kila kilima. Ana mdomo wa kufukuza. Wa kukaribisha hana."

"Huyo simpi mji," akasema Zahabu. "Unaweza kumpa mdomo?"

"Sauti yako tayari imo ndani, ile ya majaribio. Mtu akisema hamjambo, yeye aseme hatujambo, tuko tayari, sema. Haichukui muda wa kukohoa. Kisha ndipo aanze kupima." Akavuka gogo la mwisho. "Kazi ya mchana mmoja. Ila kuna lakiri."

*

Bwana Lwitiko alikuwa chumbani akiwangoja, karatasi zake zimepangwa. Zahabu hakukaa.

"Andika mwito wa kwanza," akasema. "Andika na wa pili. Andika alikuwa anaongea."

"Dada Zahabu."

"Andika."

Akaweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Watu wa Mbughui wamekukosea nini? Unajua kitakachotokea huko mnara ukizimika. Wewe kuliko mtu yeyote unajua. Utawaua ili wewe ulale usingizi?"

Neno lilimwingia Zahabu. Lakini alijibu taratibu, akitafuta maneno mojamoja.

"Inawezekana wakafa watu. Sikatai. Lakini sikiliza. Watu wa Mbughui nitawaambia leo, barabara ikiwa bado inapitika na betri yao ikiwa bado ina moto kidogo. Watajua hawana mnara. Mtu akijua hana, anajipanga, anahama, anatafuta njia nyingine. Mama Hoza alidhani anao. Alisimama mlangoni anabisha, wakati Singano yuko kilima kilekile. Angejua mlango haufunguki angemkimbilia kwa miguu. Na wazee wa namna yake wako kwenye kila kilima, wote wanaamini wana mlango. Nikisaini, nitakuwa nawadanganya wote, kila siku ya mvua."

Bwana Lwitiko alikaa. Alitazama ubao wa taa kwa muda, kijani, kijani, njano. Kisha akaandika. Aliandika polepole, kwa herufi safi, na alipofika kwenye jina la aliyetoa taarifa akamsogezea kalamu yeye mwenyewe.

Halafu akafungua mkoba akatoa koleo dogo. "Lori sina uwezo nalo," akasema. "Lakini makosa yakishaandikwa, ruhusa ya kuvunja lakiri ni yangu. Fundi, njoo ushuhudie." Akakata waya wa lakiri, akauweka mfukoni, akachukua mwavuli wake akatoka kwenda kulipigia simu lori kutoka bondeni. Hakuaga. Mndeme alianza kufungua skurubu kabla hatua za mgeni hazijaisha barazani.

Zahabu akakaa kwenye kipaza. Akaita Mbughui.

Aliyepokea alikuwa Bi Nasiria. Walijuliana hali. Zahabu akamweleza yote, kuanzia jikoni Kwembago hadi lori: kwamba mnara wao utazimika mvua kubwa zikianza, labda kabla, na hautawaka tena mpaka masika yaishe, na kwamba aliyeamua ni yeye Zahabu.

Mndeme akaacha bisibisi.

"Mimi nilibonyeza kile kidude mpaka kidole kikatoka lengelenge," akasema Bi Nasiria. "Unakumbuka?"

"Nakumbuka, dada."

"Leo sikusamehe. Nisije nikakudanganya."

"Sawa."

"Ninao wajawazito watano ambao siku zao zinaangukia kwenye mvua. Mmoja ana mapacha, na miguu imemvimba. Nawashusha wote kwako wiki hii, kabla njia haijakatika, na mimi mwenyewe nakuja nao. Tafuta mahali pa kuwalaza. Pasiwe na ngazi."

Zahabu akageuka kukitazama chumba kile kidogo, nyaya na makabati, sakafu ya saruji iliyokuwa kavu upande wa ukutani. Mndeme alikuwa ameshashika meza ya chai kwa ncha mbili, anaisogeza kuelekea mlangoni.